Jiwe la Manyoya

Dar es Salaam, 3 Februari 1970

Shemeji yangu Kazija,

Kabla hujauliza: mama mzima, mimi mzima, na paa linavuja pale pale. Salamu zimekwisha. Sasa kaa kitako, nnalo jambo.

Unajua kazi yangu hapa ofisini ni kupanga mawe na kuyaandika namba. Juzi profesa mgeni anayetukagua kanipa kitabu kilichotoka Marekani mwaka jana. Ndani yake mna mnyama, Kazija! Dainosari, katika wale mijusi wa kale waliokwisha duniani kabla hajakuwepo mtu. Lakini huyu si lile pandikizi la kula majani. Huyu mla nyama, mwembamba, mkimbiaji, mimi angenifika kifuani, na mguuni ana ukucha mmoja kama mundu, kaunyanyua usiguse chini usije ukapoteza makali. Wanasema damu yake huenda ilikuwa moto kama ya ndege. Wamemfukua mwaka wa sitini na nne. Sitini na nne! Sisi mwaka ule tunafukia, wenzetu wanafukua.

Nlipoiona picha ya mkono wake nkaruka kitini. Si ndiye yule wa jiwe la babu, ila mdogo wake? Babu Msabah, Mungu amrehemu, alikuwa kibarua wa Wajerumani walipokuwa wakichimba mifupa kule Lindi, akarudi na lile bamba la jiwe. Ulipoingia nyumbani kwetu bibi harusi ulilikuta limeegemezwa ukutani uani, ukasema hulali nyumba yenye kuku wa shetani. Kaka Hamad alicheka mpaka machozi. Basi yule kuku alikuwa na meno, shemeji! Na mkononi ana vistari vistari, tukidhani nyufa. Si nyufa, wallahi. Manyoya yale.

Nichoree. Karatasi yoyote, hata ya kufungia sukari. Mla nyama mwenye manyoya hajaonekana popote duniani, naye yumo uani kwetu Kikwajuni.

Mama anauliza kama Hamad kaandika kutoka Maskati. Idi iliyopita hakupata salamu zake, na jambo hilo linamla.

Nduguyo,
Sleiman bin Nasser


Unguja, 1 Machi 1970

Shemeji Sleiman,

Barua yako imenifika ikiwa wazi. Kanipa Bwana Simai wa kamati ya mtaa, yule aliyegaiwa vyumba vya mbele vya nyumba yetu tangu mwaka juzi. Kaniuliza, kwa adabu kabisa, "Nani huyu mwenye makucha?" Nkamwambia mnyama wa kale. Akasema, "Na huku kufukia mwaka wa sitini na nne, ndiyo nini?" Nlikuwa namimina chai, nkaimimina nje ya kikombe, naye ananitazama.

Weye uko Dar, unaandika utakavyo. Mimi nnaishi ukuta mmoja na mtu huyo.

Jiwe limepotea. Siku zile vilipotea vitu vingi. Usiniulize tena.

Hamad kaandika. Mzima, kazi nyingi, anamsalimu mama na anaomba dua zake.

Kazija binti Usi


Dar es Salaam, 22 Machi 1970

Shemeji,

Ala! Limepotea? Bamba la dhiraa moja na nusu, la kubebwa na watu wawili, limepotea kama sindano? Mwambie Bwana Simai nimemsalimu, na kama anasoma hapa, asome vizuri, ajifunze na yeye.

Sikiliza nikweleze kwa nini silali. Watu wote huona manyoya wakafikiria kuruka. Ndege ana manyoya, ndege anaruka, basi yamekwisha. Mimi nasema hapana. Mtazame kifaranga siku anayototolewa. Keshavaa manyoya, na kuruka hajui. Ya nini basi? Ya baridi! Kwa hiyo nnadhani manyoya yalianza kwa mnyama asiyeruka, mwenye damu moto, akajifunika kama sisi tunavyojifunika shuka, na kuruka kukaja baadaye sana. Nimemweleza Profesa, kanisikiliza mpaka mwisho, mimi mpanga mawe! Kisha akasema maneno matatu: "Nionyeshe hilo jiwe."

Kazija, nna miaka thelathini na minne na sijapata kuambiwa nionyeshe kitu. Kama umeliuza, niambie uliyemuuzia. Sitakasirika.

Mama kafurahi kwa salamu za Hamad. Kanifanya nizisome mara nne. Anauliza mbona haandiki kwa mkono wake akatutumia sisi moja kwa moja, mbona kila mara apitishie kwako. Nkamwambia mke ni mke.

Sleiman


Unguja, 18 Aprili 1970

Sleiman,

Nlimpa mchoma chokaa. Limekwenda tanurini na mawe mengine, limekuwa chokaa, limepakwa kuta za watu. Umeridhika?

Na Hamad haandiki huko kwa sababu ni mtu aliyetoroka, na mtu aliyetoroka akikuandikia weye mfanyakazi wa serikali atakuponza. Mweleze mama hivyo.

Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu, nyamaza. Bwana Simai sasa huja kukaa uani jioni na kiti chake. Zamani hakuwa akija. Anatazama ukuta, anatazama chini, ananiuliza jiwe lilikuwa likikaa wapi. Nkisikia kiti kinaburuzwa tu, naacha chungu motoni naingia ndani. Weye una profesa wako, mimi sina mtu.

Kazija


Dar es Salaam, 28 Mei 1970

Shemeji yangu,

Mwezi wa tatu limepotea, mwezi wa nne limechomwa chokaa. Mwongo hana kumbukumbu, bibi wee. Nimekukamata!

Mama kanifumbua macho. Kasema siku zile watu wengi walifukia vitu vyao uani kwa hofu, wengine dhahabu, wengine vyombo. Nkapiga paji la uso. Umelifukia, Kazija! Umelifukia kwa woga, na sasa unaona haya kusema. Hakuna haya.

Basi huna haja ya kushika hata kijiko. Profesa kaandika kwa wakubwa wa huko Unguja, nao wamejibu vizuri, wamekubali. Katikati ya Julai watakuja watu wawili na majembe, watafukua ua wote mpaka wampate. Nimewachorea ramani ya nyumba. Mimi mwenyewe sikupata ruhusa ya kuvuka, lakini mkono wangu utakuwa umefika.

Mama anasema siku kaka atakaporudi akute jina la babu yetu kwenye vitabu. Nimelia kidogo, sikufichi.

Sleiman


Unguja, 11 Juni 1970
Kwa mkono wa shangazi Mize

Sleiman,

Barua hii nimeishona ndani ya mto wa shangazi yangu Mize, anayekuja kwa daktari wa macho. Isome peke yako, kisha ichome.

Hamad hayuko Maskati. Hajapata kufika Maskati. Yuko hapa uani, baina ya jiko na ukuta, na jiwe la babu limemfunika kifua.

Ilikuwa siku ya pili ya zile siku za Mapinduzi, ule mwezi wa Januari. Mama alikuwa amekuja kwako kutembea, alhamdulillahi. Maji yalitwishia. Hamad akafungua mlango wa mbele achungulie kama mferejini kuna watu. Ikalia risasi moja. Ya nani sijui, hata leo sijui. Akarudi ndani kwa miguu yake, akakaa juu ya kigoda changu cha mbuzi ya nazi, akaniambia, "Kazija, funga mlango." Nkaenda nkafunga. Nlipogeuka keshakata roho.

Nje hakutokeki, makaburini hakuendeki. Mzee Kificho, jirani yetu mshona kofia, alipanda ukuta wa nyuma akatushukia. Akachimba yeye, mimi nkitoa udongo kwa sufuria. Alipokwisha kuchonga mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi, hatukuwa na mbao za viunza za kuukingia. Nkaivunja rafu ya sahani, zikatoka mbao nne. Zikatosha kichwani na miguuni, kifuani pakabaki wazi. Kificho akasema tufukie tu, Mungu anajua. Nkamwambia simtupii mchanga kifuani, Mzee Kificho, siwezi, bora unifukie na mimi. Ndipo alipoliona jiwe. Tulilibeba sote wawili.

Kesho yake wakaja watu na orodha, wakataja jina lake. Nlikuwa peke yangu. Nkasema katoroka, kaenda Maskati. Wakaandika. Likishaandikwa pale, Sleiman, nani wa kulifuta? Ningesema kafa, wangeuliza kazikwa wapi na nani kamzika, na Kificho ana watoto saba. Nlipomwandikia mama nkasema Maskati, maana nlijua barua itasomwa. Ya pili nkasema vile vile. Miaka sita nnamwandikia mama yako salamu za maiti. Eda sikukaa. Mke wa msafiri atakaaje eda? Nlipaka wanja nkaenda harusini na kushangilia, wasinishuku.

Nawe umewachorea ramani.

Ulitaka kujua habari za mnyama. Nakupa, maana nlimtazama sana wakati ule, Hamad sikuweza kumtazama. Mdomo umejaa meno, madogo, yamepinda kwa ndani. Vidole vya mkono ni vitatu. Ukucha wa mundu anao, mguu mmoja tu unaonekana. Na vile vistari si nyufa. Vinaanza kiwikoni, vifupi, kama nyuzi za makumbi ya nazi, kisha vinarefuka hadi kwenye vidole, na kila kimoja kina uti katikati. Mkiani vimepangika huku na huku. Shingoni ni laini, kama vumbi la unga. Mikono yenyewe mifupi, hakuweza kuruka yule. Kwa hiyo ulisema kweli, shemeji. Upande wa mnyama nliuelekeza juu, asikabiliane na Hamad.

Sasa weye ndiye msomi, na watu ni wako. Wazuie. Wakipiga jembe pale, wataniuliza mimi, kisha watamfuata Kificho, na nduguyo watamtoa wamtie kwenye gunia.

Kazija


Dar es Salaam, 16 Juni 1970

Kwa Bi Kazija binti Usi
Nakala: kwa Profesa, na kwa ofisi ya Unguja iliyotoa ruhusa

Shemeji,

Nnaandika kukuomba radhi, na barua hii isomwe na kila atakayeipata.

Jiwe halipo. Halijapata kuwepo. Babu yetu Msabah alikuwa mpishi wa vibarua kule Lindi, akarudi na homa na sufuria moja. Jiwe nimelitunga mimi. Nlisoma kitabu cha watu, nkatamani na mimi nitajwe, nkajitungia mnyama wangu na manyoya yake. Mjusi na manyoya, wapi na wapi? Nani aliyeona? Weye uliposema limepotea, kisha ukasema limechomwa, ulikuwa unanistahi mimi nduguyo nisiumbuke, na nakushukuru.

Nimewapotezea wakubwa wakati wao. Ramani niliyochora ni ya uongo. Adhabu yoyote nitakayopewa ni haki yangu.

Sleiman bin Nasser


Unguja, 25 Julai 1970
Kwa mkono wa shangazi Mize

Sleiman,

Walikuja.

Nlidhani barua yako imewazuia. Jumanne saa nne asubuhi mlango ukagongwa, nkaona majembe kabla sijaona watu. Wawili, vijana, wana haraka. Mmoja akasema barua yako wameiona, lakini amri ya kuja ilikuwa haijafutwa, na yeye hataki kuulizwa kwa nini hakuja.

Wakapita mpaka uani. Yule mrefu akasimama pale pale, Sleiman. Pale pale. Akawa anajipangusa viatu huku anauliza, "Shemeji yako mwongo?" Nkasema mwongo. "Tangu lini?" Nkasema tangu mdogo, hata mama yake anajua. Wakacheka. Mimi nlikuwa nimeshika birika la moto kwa mkono mtupu na sikuwa na habari, mpaka ngozi ikatoka. Bado nimeufunga kitambaa.

Mwenzake akasema maadamu tumekuja, tupige mawili matatu tukaandike tumepiga. Akapiga jembe moja. Likazama. Nkaona taa zinazimika mchana ule.

Bwana Simai akatoka chumbani kwake kavaa fulana ya singlendi tu, kashika nakala ya barua yako aliyoipata kamatini. Akawaambia, "Ukuta huo wa jiko ni mbovu. Ukiniangukia mimi na watoto wangu kwa ajili ya uongo wa mtu wa Dar, nimwendee nani?" Wakatazamana. Wakanywa chai, wakaenda zao.

Walipoondoka akabaki amesimama, anatazama lile tundu la jembe. Akasema, "Bi Kazija, hapa pana udongo laini kuliko kwengine." Nkainama kukusanya vikombe. Akasema, "Nitamwaga saruji. Ua utakuwa safi." Akalifukia tundu kwa mguu.

Kamwaga jana. Sijui kajua au hakujua. Akinisalimu namwitikia, nikimpa chakula anakula, na roho yangu haitulii dakika moja. Pengine kaweka akiba ya siku atakayonihitaji. Pengine ni mtu tu, ana mama yake na yeye. Kwa mnyama wako ndiyo basi, haonekani tena na mtu.

Umeponza kazi yako kwa ajili yangu, najua. Shangazi Mize kaniambia.

Kazija


Dar es Salaam, 20 Agosti 1970
Kwa mkono wa Bi Mize

Mwanangu Kazija,

Naandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu nlizosoma chuo cha Kurani, kwa sababu Sleiman kila akianza anachana karatasi. Kaniambia. Alikuwa kazidi kukonda na kunikimbia macho, nkamwambia mwanangu, ama utasema ama utatoka nyumbani kwangu, akasema.

Sikufichi. Siku ya kwanza nlikulaani. Nlisema mwanamke huyu kanifanya nimwombee safari njema mtu aliye kaburini, kanichezea miaka sita. Siku ya pili nkakufikiria na sufuria ya udongo, umri wako miaka ishirini na mitatu, nami nimekaa huku nakunywa uji. Nkaomba laana yangu inirudie mimi. Usiogope kwangu.

Sleiman wamemtoa kwenye mawe, wamempeleka stoo kugawa mafagio. Wenzake wanamwita Bwana Manyoya. Yeye hucheka nao, akirudi nyumbani hali. Barua yako kaichoma mbele yangu, na kabla ya kuichoma aliusoma ule ukurasa wa mnyama nadhani mara ishirini.

Nnauliza matatu tu, unijibu kweli, kwa kuwa uongo wa kunihurumia umekwisha. Nani alimkosha mwanangu? Kaelekezwa kibla? Na sanda mliitoa wapi, nasikia maduka yote yalikuwa yamefungwa?

Mama yako,
Kulthum binti Msabah


Unguja, 2 Septemba 1970
Kwa mkono wa shangazi Mize

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimepiga magoti, na nimekaa siku tatu kabla ya kushika kalamu.

Nlimkosha mimi, kwa mikono yangu, na Mzee Kificho akinitajia la kufanya huku kanipa mgongo. Maji yalitoka kwake, ndoo tatu, katupitishia juu ya ukuta. Sikuacha mahala. Jeraha nlilifunga kwa kitambaa cha leso yangu, damu haikutoka tena.

Kibla kaelekezwa. Kificho alipima kwa msikiti, akarudi akapima tena, kwa kuwa mimi sikumwamini. Kalala ubavu wa kulia, shavu juu ya udongo. Kificho akamsalia, nami nkasimama nyuma yake. Tulikuwa wawili tu.

La sanda ndilo lililonifanya nisiweze kukutazama usoni hata kwa barua. Lile kasha lako la chumba cha juu nlilivunja kufuli kwa mchi. Nkaitoa sanda yako, mama, ile uliyokuja nayo kutoka Makka, uliyoiosha kwa zamzam ukaniusia nikuvishe mimi siku yako ikifika. Nlijua ni amana. Nlisema nitanunua nyengine kabla hujarudi, kisha hukurudi.

Ya mwanamke ina vipande vitano. Hamad alivaa vitatu. Viwili vimebaki, nnavyo, nimevikunja vizuri.

Mkweo,
Kazija